Kutoka Sikio hadi Kipimajoto: Historia ya Matengenezo na Urekebishaji wa Injini za Nitro katika Magari ya Mashindano ya Rimoti, 1947–2021

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya matengenezo na urekebishaji wa injini ndogo za nitro zinazoendesha magari ya mashindano ya rimoti. Kipindi kinachohusika kinaanza mwaka 1947, plagi ya joto ilipoingia sokoni, na kuishia mwaka 2021, kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu nitromethani ilipoanza kutumika. Hoja kuu ni kwamba kila badiliko la usanifu lililoonekana kumpunguzia fundi kazi lilihamisha kazi hiyo tu, likaiondoa kwenye kifaa kinachoonekana na kuiweka katika uamuzi wa fundi mwenyewe. Matokeo yake, maarifa ya injini hizi yalikaa zaidi katika sikio, jicho na vidole kuliko katika vitabu vya maelekezo. Insha inaonyesha pia kwamba baadhi ya maelekezo yaliyorithishwa yaliendelea kufuatwa hata baada ya injini zilizoyazaa kutoweka, na kwamba kupungua kwa injini hizi mbele ya mota za umeme kunahatarisha aina ya maarifa ambayo hayahifadhiki kwa kuhifadhi injini peke yake.

Maneno muhimu: injini ya nitro, plagi ya joto, urekebishaji, matengenezo, maarifa yasiyotamkika

1.0 Utangulizi

Historia za teknolojia kwa muda mrefu zimepangwa kwa kufuata majina ya wavumbuzi na tarehe za uvumbuzi wao. Edgerton (2006) aliupinga mpangilio huo. Kwa maoni yake, historia ya kitu inapaswa kufuatilia namna kinavyotumika na kutengenezwa, kwa kuwa humo ndimo watu wengi hukutana na teknolojia. Grace (2021) aliuelekeza mtazamo wa namna hiyo kwenye magari nchini Tanzania, akaichukulia gereji kuwa mahali maarifa yanapozalishwa na si mahali yanapotumika tu. Kabla yao, Polanyi (1966) alikwishafafanua kuwa yapo maarifa ambayo mwenye nayo huyatumia kwa ustadi lakini hawezi kuyaweka yote katika maneno. Insha hii inayaita maarifa yasiyotamkika.

Injini ya nitro ya gari la rimoti inafaa sana kwa uchunguzi wa aina hiyo. Ni injini ya mipigo miwili. Katika magari ya kiwango cha 1:8, yaani gari dogo mara nane kuliko gari halisi, ujazo wa silinda ni sentimita za ujazo 3.5, katika kiwango cha 1:10 injini nyingi zina takribani sentimita za ujazo 2.1. Pamoja na udogo huo, injini ya mashindano huzunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika, ilhali injini ya gari la kawaida la abiria ni nadra kuvuka 7,000. Kwa kasi hiyo kosa halisubiri. Robo ya mzunguko wa skrubu inaweza kuharibu injini ndani ya dakika chache, kabla gari halijamaliza tangi moja la mafuta. Kile ambacho katika lori huchukua miaka kujitokeza, hapa hujitokeza ndani ya mchana mmoja, na uamuzi wa fundi huonekana wazi pamoja na matokeo yake.

Swali linaloongoza insha hii ni hili: kadiri injini hizi zilivyobadilika, kazi ya fundi ilikwenda wapi? Majibu yanafuata mabadiliko manne kwa mpangilio wa kihistoria: plagi, kuhama kutoka kwenye ndege kwenda kwenye gari, slivu isiyohitaji ringi, na bomba la ekzosi. Baada ya hapo zinajadiliwa mbinu za kusoma injini na hali ya sasa.

2.0 Plagi ya joto na kutoweka kwa wenzo wa majira

Injini ndogo zilizoenea Marekani katika miaka ya 1930, mathalani Brown Junior, ziliwashwa kwa cheche. Kila injini ilihitaji betri, koili, kondensa na pointi. Vifaa hivyo vilikuwa vizito kwa ndege ndogo na viliharibika mara kwa mara, lakini vilimpa mtumiaji jambo moja muhimu: wenzo uliomwezesha kuamua cheche itoke lini. Injini ilipogonga, aliuchelewesha, ilipozubaa, aliuwahisha. Swali la majira ya mwako lilikuwa na mahali pake pa kushikwa kwa kidole.

Mwaka 1947 Ray Arden, mbunifu wa Marekani, aliingiza sokoni plagi ya joto. Ndani yake kuna waya mwembamba wa platinamu uliosokotwa. Waya huo hupashwa moto kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha tu. Injini ikishawaka, betri huondolewa, na waya huendelea kung'aa kwa sababu mbili: joto la mwako uliotangulia, na tabia ya platinamu kuwa kichocheo inapokutana na mvuke wa methanoli. Betri, koili, kondensa na pointi viliondoka kwa pamoja. Uzito ulipungua, bei ikapungua, na vyanzo vingi vya hitilafu vikatoweka.

Wenzo wa majira nao uliondoka, lakini haja ya kuamua majira haikuondoka. Katika injini ya plagi ya joto, wakati wa kuwaka kwa mchanganyiko hutegemea mambo yasiyopungua matano: ukali wa joto la plagi, kiwango cha mgandamizo, asilimia ya nitromethani, wingi wa mafuta kulinganisha na hewa, na joto la kichwa cha silinda. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloshughulikia majira peke yake. Anayebadili plagi hubadili pia tabia ya injini katika mwendo wa chini. Anayeongeza kipande chembamba cha shaba chini ya kichwa ili kupunguza mgandamizo hubadili pia nguvu. Kazi iliyofanywa na wenzo mmoja iligawanywa kwa viungo vitano vinavyotegemeana, na fundi akalazimika kuubeba uhusiano huo kichwani.

Mafuta yenyewe yaliongeza uzito wa jambo hilo. Kilo moja ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa ili iungue kikamilifu. Kilo moja ya methanoli huhitaji takribani 6.4, kilo moja ya nitromethani huhitaji takribani 1.7 tu, kwa kuwa molekuli yake ina oksijeni ndani yake. Nitromethani ina nishati ndogo kwa kilo, takribani robo ya petroli. Hata hivyo, kwa kiasi kilekile cha hewa kinachoingia kwenye silinda, inaweza kuunguzwa kwa wingi mara nane au zaidi, na nishati inayopatikana huwa zaidi ya mara mbili. Miongoni mwa waliotumia kemikali hiyo mapema katika injini ndogo ni ndugu wa familia ya Dooling wa Los Angeles, waliotengeneza magari madogo yaliyozunguka nguzo yakiwa yamefungwa kwa waya. Kumbukumbu za mbio za Kalifonia husimulia kwamba maarifa yao yalimfikia Vic Edelbrock, ambaye mwaka 1950, katika uwanja wa Gilmore, gari lake lililoendeshwa na Rodger Ward liliyashinda magari yenye injini za Offenhauser zilizokuwa zikitawala mashindano hayo. Katika kisa hicho, maarifa yalitoka kwenye chombo kidogo kwenda kwenye gari kubwa, kinyume cha njia inayodhaniwa kuwa ya kawaida.

Sifa ya tatu ya mafuta haya inahusu ulainishaji. Injini ya mipigo miwili haina bakuli la oili, hivyo oili huchanganywa ndani ya mafuta. Kwa miongo mingi oili hiyo ilikuwa ya mbarika, ambayo hustahimili joto kali na huendelea kushika chuma pale ambapo oili nyingine hukimbia, ingawa huacha utando wa kahawia kwenye pistoni. Baadaye ilichanganywa na oili za viwandani. Kutokana na mpangilio huo, sindano ya kabureta inayopunguza mafuta hupunguza papo hapo vitu vitatu: kiungulio, ulainishaji, na ubaridi unaoletwa na methanoli inapogeuka kuwa mvuke. Mafuta yakipunguzwa kidogo kidogo, nguvu huongezeka na mlio huwa mwororo zaidi, hadi pale ulainishaji unapokoma kutosha. Injini hutoa mlio wake mzuri kuliko yote karibu kabisa na uharibifu wake. Ukweli huo mmoja ndio unaoeleza sehemu kubwa ya tahadhari za mafundi wa fani hii.

3.0 Kutoka kwenye ndege kwenda kwenye gari

Injini za mwanzo zilizotumika katika magari ya rimoti zilikuwa za ndege. Hilo lilitarajiwa, kwani watengenezaji walikwishajijenga katika soko la ndege ndogo, O.S. ya Osaka, kwa mfano, ilianzishwa na Shigeo Ogawa mwaka 1936, miongo mitatu kabla ya mashindano ya magari ya rimoti kushika kasi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mashindano hayo yalianza kupata taasisi zake. ROAR, chama cha waendeshaji nchini Marekani, kilianzishwa mwaka 1967. Mwaka 1977 mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya kiwango cha 1:8 yalifanyika Pomona, Kalifonia.

Kuihamisha injini kutoka kwenye ndege kulifichua kazi ambazo rafadha ilikuwa ikizifanya bila kutambuliwa. Kwanza, rafadha ilikuwa gurudumu zito linalodumisha mzunguko kati ya mwako mmoja na mwingine. Pili, ilikuwa feni iliyopuliza hewa juu ya silinda. Tatu, ilikuwa mzigo usiobadilika ghafla, uliozuia injini kupaa kupita kiasi. Kwenye gari, kazi ya kwanza ilirudishwa kwa kufunga gurudumu dogo la chuma pamoja na klachi. Ya pili ilirudishwa kwa kichwa kikubwa chenye mapezi ya alumini. Ya tatu haikuwa na mbadala wa chuma. Gari la mashindano husimama, huruka, hufunga breki na kuondoka kwa nguvu mara nyingi katika kila mzunguko wa uwanja, na magurudumu yakiinuka ardhini mzigo hutoweka kwa nukta nzima.

Jibu la wasanifu lilikuwa kabureta yenye sindano zaidi ya moja. Sindano ya mwendo wa juu huamua mafuta injini inapofunguliwa yote. Sindano ya mwendo wa chini huamua mafuta kuanzia kusimama hadi katikati ya kufunguliwa. Skrubu ya tatu huamua kabureta ifunguke kiasi gani injini ikiunguruma bila gari kwenda, hali ambayo mafundi wa gereji huiita silensa. Kwa maelezo ya mtengenezaji, hivyo ni virekebishi vitatu vyenye kazi tatu. Kwa fundi, vyote vinaingiliana. Mafuta yote hupita kwanza kwenye sindano ya juu, kwa hiyo ikifungwa, mwendo wa chini nao hubadilika. Sindano ya chini ikifungwa, silensa hupanda, na skrubu ya tatu inahitaji kurudishwa. Ndiyo maana utaratibu uliokubalika ni kuanza na sindano ya juu injini ikiwa imepata moto, kufuata ya chini, na kumalizia na silensa, kisha kurudia upya.

Badiliko hili pia lilileta adui mpya: vumbi. Ndege hufanya kazi mbali na ardhi; gari la uwanja wa udongo huvuta hewa sentimita chache juu yake. Chembe ya mchanga inayoingia kwenye kabureta hupita kwenye beringi, hukwaruza slivu, na kuuondoa mkao wa pistoni usioweza kurudishwa. Kichujio cha sponji kilicholowekwa oili maalumu, kinachosafishwa na kulowekwa upya kila baada ya muda mfupi wa kuendesha, kiligeuka kuwa kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na chenye kuamua maisha ya injini kuliko vyote. Kwa upande wa matengenezo, historia ya gari la rimoti la uwanja wa udongo ni kwa kiasi kikubwa historia ya sponji.

4.0 Slivu isiyohitaji ringi na agizo lililopitwa na wakati

Injini za zamani zilitumia pistoni ya chuma iliyosuguliwa hadi kuoana na slivu ya chuma, au pistoni ya alumini yenye ringi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 ulianza kuenea mpangilio wa pistoni ya alumini ndani ya slivu ya shaba ya manjano iliyopakwa kromu. Msingi wake ni wa kifizikia. Slivu huchongwa ikiwa nyembamba kidogo upande wa juu. Injini ikipata moto, sehemu ya juu iliyo karibu na mwako hutanuka zaidi ya sehemu ya chini, na umbo lililokuwa kama koni huwa mviringo ulionyooka. Pistoni nayo hutanuka kwa kiasi kinacholingana. Ringi haihitajiki, msuguano hupungua, na mzunguko wa juu huwezekana.

Kwa mpangilio huo, injini baridi si injini iliyo tayari. Ikizungushwa kwa mkono, pistoni hubana karibu na kilele cha mwendo wake, wakati mwingine kiasi cha kukwama. Mbano huo ni dalili ya afya. Ukipotea, injini imechakaa. Lakini kuiendesha injini ikiwa na mbano huo bila joto la kutosha hulazimisha pistoni kupita kwenye njia nyembamba maelfu ya mara kwa dakika, na mkono unaounganisha pistoni na kranki hubeba mkazo ambao haukukusudiwa.

Hapa ndipo ilipotokea hitilafu muhimu ya kihistoria. Agizo lililorithiwa kutoka injini za chuma na za ringi lilisema kwamba injini mpya izoeshwe taratibu kwa mafuta mengi mno, ikitoa moshi mwingi na kubaki baridi, kwa matangi kadhaa. Kwa pistoni ya chuma inayohitaji kusuguana polepole na slivu yake, agizo hilo lilikuwa na mantiki. Kwa slivu yenye umbo la koni lilikuwa na madhara, kwa kuwa liliiweka injini kwa muda mrefu katika hali ileile ya mbano ambayo usanifu wake ulikusudia kuikwepa. Hata hivyo, agizo liliendelea kurudiwa kwa miaka mingi, mara nyingi na watu waliokuwa na uzoefu mkubwa, kwa sababu lilikuwa limekwishatenganishwa na sababu yake.

Utaratibu uliochukua nafasi yake taratibu ni wa mizunguko ya joto. Injini hupashwa kwanza kwa kipasha-hewa kabla ya kuwashwa. Kisha huendeshwa kwa mchanganyiko mzito kiasi, yaani wenye mafuta mengi kulinganisha na hewa, lakini joto likiachwa lifikie kiwango cha kazi. Baada ya dakika chache huzimwa na kuachwa ipoe kabisa, pistoni ikiwa imeshushwa chini ili slivu isinywee juu yake. Zoezi hurudiwa, na mafuta hupunguzwa hatua kwa hatua. Agizo jipya halikushinda kwa sababu lilikuwa jipya. Lilishinda pale mafundi walipoanza kufungua injini zilizokufa mapema, wakaona slivu zilizolika sehemu ya juu na mikono iliyokatika, na kuuliza zilikufa vipi.

5.0 Bomba la ekzosi na kupungua kwa nafasi ya kukosea

Mabadiliko mengine mawili yaliongeza nguvu. Mpangilio wa matundu uliobuniwa na Mjerumani Adolf Schnürle katika miaka ya 1920, na kutumiwa na kiwanda cha pikipiki cha DKW, uliingia katika injini ndogo na kuenea katika miaka ya 1970. Katika mpangilio huo mchanganyiko mpya hupinda ndani ya silinda na kusukuma moshi nje bila kuhitaji pistoni yenye kizuizi juu yake. Bomba la ekzosi linalorudisha wimbi la shinikizo lilifikishwa kwenye ukomavu na Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, katika miaka ya 1950. Mwaka 1961 mwendeshaji wake Ernst Degner alikimbilia Magharibi, na maarifa hayo yakafika Suzuki. Miaka mitano baadaye bomba la aina hiyo lilionekana katika mashindano ya dunia ya ndege ndogo za kasi, likitumiwa na Bill Wisniewski wa Marekani.

Bomba hufanya kazi kwa muda. Wimbi linalotoka na moshi hugonga sehemu inayojifunga upande wa nyuma, hurudi, na kuukuta mchanganyiko mpya ukianza kuponyoka kupitia tundu la ekzosi. Huusukuma urudi ndani kabla tundu halijafungwa. Likifika mapema au likichelewa, faida hupotea. Urefu wa bomba, kwa hiyo, huchagua mzunguko ambao injini itakuwa na nguvu zaidi. Kwa kuwa kasi ya wimbi hutegemea joto la moshi, na joto hutegemea mchanganyiko, urekebishaji wa sindano ulianza kuathiri hata bomba. Kadiri nguvu ilivyopanda, nafasi kati ya mpangilio sahihi na mpangilio unaoharibu ilipungua. Uwiano huu unajirudia katika historia nzima ya injini hizi: kila nyongeza ya nguvu ililipiwa kwa kupungua kwa nafasi ya kukosea.

6.0 Kusoma injini: sikio, tone la maji na kipimajoto

Mafundi wa vizazi vya kwanza walisoma injini kwa njia zisizohitaji kifaa. Njia ya kwanza ilikuwa sikio. Mchanganyiko mzito hutoa mlio mzito unaokatika-katika. Mwepesi, wenye mafuta machache, hutoa mlio mkali na mwembamba. Njia ya pili ilikuwa jicho: mstari mwembamba wa moshi wa buluu nyuma ya gari linaloondoka kwa kasi ulionyesha kwamba oili inafika. Moshi ukikosekana, gari liliitwa pembeni mara moja. Njia ya tatu ilikuwa tone la maji au mate juu ya kichwa cha silinda. Likichemka taratibu kwa nukta chache, joto linafaa. Likitoweka mara tu linapogusa, injini imepita kiasi. Likikaa tu bila kuchemka, mafuta ni mengi.

Njia ya nne ilikuwa kubana mpira wa mafuta karibu na kabureta injini ikiwa katika silensa. Injini iliyo sawa huendelea kwa nukta mbili au tatu, hupanda kidogo, kisha huzimika. Ikizimika papo hapo, sindano ya chini imefungwa mno. Ikiendelea muda mrefu na kupaa sana, imefunguliwa mno. Njia ya tano ilikuwa kuifungua plagi. Waya unaong'aa kama mpya, ukiwa umelowa, huashiria mafuta mengi; waya wa kijivu usiopinda ni wa injini iliyo karibu na mpaka wake; waya uliopinda au kukatika huonya kwamba mpaka umevukwa. Plagi ilisomwa kama mganga asomavyo ulimi wa mgonjwa.

Kuanzia miaka ya 1990 kipimajoto kisichogusa, kinachopima kwa miale ya joto, kilianza kuwa kifaa cha kawaida pembeni mwa uwanja. Viwango vikaanza kuandikwa: nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi kwenye kichwa zilikubalika kwa injini nyingi. Namba ilileta lugha ya pamoja kati ya mwanagenzi na mzoefu. Ilileta pia udanganyifu wake. Joto lilelile linaweza kutokana na mchanganyiko mwepesi siku ya baridi yenye upepo, au mchanganyiko mzito siku ya joto. Linaweza pia kutokana na sindano ya juu iliyo sahihi na ya chini iliyokosewa, hewa ikiwa inavuja kwenye beringi au kwenye mpira uliopasuka. Mafundi waliofuata namba peke yake waliua injini zikiwa ndani ya kiwango kilichoandikwa. Mpangilio uliodumu ni ule unaokipa kipimajoto nafasi ya shahidi, na kuliachia sikio na moshi hukumu.

Sababu kubwa ya hali hiyo ni hewa. Asubuhi yenye ubaridi hewa ni nzito na ina oksijeni nyingi katika ujazo uleule, hivyo mpangilio wa jana mchana huwa mwepesi mno, na sindano inapaswa kufunguliwa. Jua likipanda, hufungwa tena. Injini iliyorekebishwa usawa wa bahari ikipelekwa Denver, mji ulio mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hukuta hewa nyepesi na hubaki na mafuta mengi asiyoyahitaji mwako wake. Hakuna mpangilio mmoja unaoweza kuandikwa na kufuatwa daima. Kitabu cha maelekezo huweza kutaja idadi ya mizunguko ya kuanzia. Kinachofuata hutegemea siku, uwanja na injini yenyewe.

Usomaji huu uliendelea baada ya mbio. Methanoli hunyonya unyevu, na mabaki ya mwako wa nitromethani huwa na asidi. Injini iliyoachwa na mafuta ndani usiku kucha huamka na kutu kwenye beringi ya nyuma. Desturi ya kuunguza mafuta yote yaliyobaki, kutia oili ya kuhifadhia na kuizungusha injini mara kadhaa kabla ya kuifunga ilichukua dakika mbili. Ilikuwa kazi isiyotazamwa na yeyote, nayo ndiyo iliyotenganisha injini iliyodumu msimu mzima na ile iliyodumu wiki chache.

7.0 Kanuni za mafuta na mota ya umeme

Katika karne ya 21 injini za nitro zilipata shinikizo kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni sheria. Nitromethani inaweza kutumika kutengenezea vilipuzi, na kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliiorodhesha katika Kanuni Na. 98/2013, iliyoweka kikomo cha asilimia 30 kwa mtu wa kawaida. Kanuni Na. 2019/1148, iliyoanza kutumika tarehe 1 Februari 2021, ilikishusha kikomo hicho hadi asilimia 16. Zaidi ya hapo hupatikana tu pale nchi mwanachama inapotoa leseni. Mafuta ya asilimia 25, yaliyokuwa ya kawaida katika mashindano, yaliwekwa nje ya kikomo hicho.

Madhara yake ya kiufundi yanathibitisha hoja ya insha hii. Mafuta yenye nitromethani kidogo huhitaji hewa zaidi kwa kila tone, kwa hiyo sindano zilibidi zifungwe kidogo. Mwako wake huchelewa, kwa hiyo kipande cha shaba chini ya kichwa kilibidi kipunguzwe ili mgandamizo uongezeke. Plagi nayo ilibidi ifikiriwe upya. Kifungu kimoja cha sheria kiliufikia uhusiano uleule wa viungo vitano ulioanza mwaka 1947, na aliyelazimika kuupatanisha tena ni fundi.

Upande wa pili ni mota za umeme zisizo na brashi na betri za lithiamu, zilizoenea katika mashindano kuanzia miaka ya 2000. Mota hizo hazina moshi, hazina kelele zinazowaudhi majirani wa viwanja, na hutoa nguvu ileile asubuhi na mchana. Si sahihi kudai kwamba hazihitaji ujuzi. Betri, gia na programu za kudhibiti kasi zina ujuzi wake. Lakini sehemu kubwa ya ujuzi huo huweza kuandikwa kama thamani na kunakiliwa kutoka gari moja hadi jingine bila kupotea. Mpangilio wa sindano haunakiliki hivyo. Tofauti kati ya teknolojia hizi mbili haiishii kwenye chanzo cha nguvu. Inafika pia kwenye namna maarifa yanavyosafiri.

8.0 Hitimisho

Historia iliyochunguzwa hapa inaonyesha mwelekeo mmoja. Plagi ya joto iliondoa wenzo wa majira, na uamuzi wa majira ukahamia katika mafuta, mgandamizo na sindano. Kuondoka kwa rafadha kulihamishia mzigo usiobadilika katika uhusiano wa sindano mbili. Slivu ya koni iliondoa ringi, na kazi ya kuoanisha pistoni ikahamia katika namna injini inavyopashwa na kuzoeshwa. Bomba liliongeza nguvu na kupunguza nafasi ya kukosea. Kila hatua ilirahisisha chombo machoni pa mnunuzi na kumtwisha fundi.

Matokeo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba maarifa yaliyotenganishwa na sababu yake yanaweza kudhuru, kama agizo la kuzoesha injini baridi lilivyodhuru. Urithi wa ufundi unahitaji kurithisha kwa nini pamoja na vipi. La pili linahusu uhifadhi. Injini iliyowekwa kabatini katika makumbusho huhifadhi umbo, vipimo na jina la mtengenezaji. Haihifadhi mlio wa mchanganyiko mzito, unene wa moshi unaotosha, wala mbano unaohisiwa na vidole pistoni inapofika kilele. Watafiti wanaokusudia kuihifadhi historia hii watahitaji kurekodi sauti za injini zikiwa zinafanya kazi, pamoja na maelezo ya mafundi wanaozirekebisha hatua kwa hatua katika hali tofauti za hewa. Kazi hiyo ina muda wake, kwa kuwa inawategemea watu ambao bado wanazisikia injini hizo na kujua zinachosema.